Mfuniko wa Bluu

2 Februari

Kwako Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Nimeamua kuandika kwa sababu jana nilipiga kelele kwenye simu ya baba mdogo mpaka koo likauma, na wewe ulichosikia ni upepo. Nilikwambia Kijino ameota jino la tatu, ukanijibu kwamba hata huko kwenu mvua inanyesha. Basi turudi kwenye karatasi. Yule wa ofisi ya basi amekubali kuzibeba barua zetu pamoja na vifurushi, ila amesema asiulizweulizwe.

Sisi ni wazima. Baba Kijino bado yuko kambini kwenye barabara wanayojenga, akija ana vumbi mpaka kwenye kope. Nyumba yako naifungua madirisha kila Jumapili ipate hewa. Tangu Bibi atutoke na wewe uhamie kwa baba mdogo, siwezi kukaa mle ndani sana. Nafagia, nafunga, naondoka.

Habari kubwa ni mguu wa Kijino. Wameanza kumfunga plasta ule wa kushoto, ule wenye wayo unaotazama ndani. Kila Jumanne tunakwenda hospitali, wanailoweka ya zamani mpaka ilainike, wanaitoa, wanaunyoosha mguu kidogo kwa mikono, wanafunga mpya. Analia mpaka anabadilika rangi, halafu akishafungwa anaanza kuigonga hiyo plasta kitandani kama ngoma. Muuguzi ameniambia nisikose hata Jumanne moja, kwa sababu mguu wa mtoto mchanga ni laini kunyooka na ni laini kurudi ulikotoka. Basi la huko linafika foleni ikiwa imeshafungwa. Kwa hiyo, Babu, bila gari lako tusingekuwa na la kufanya. Kila Jumanne nikiwasha nakuombea.

Sasa ndiyo nifike kwenye lililonifanya nikae kuandika. Imewaka taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Ina mchoro wa kitu kama bomba la mafuta na matone, na chini yake kuna maandishi ya kigeni na namba, na namba inapungua kila ninapoendesha. Nilimwonyesha dada wa kituo cha mafuta, akanisomea. Anasema gari linadai ile dawa ya ekzosi, adiblu, inayosafisha moshi wa dizeli. Inamwagwa kwenye mfuniko wa bluu ulio kando ya ule wa dizeli. Namba ni kilomita zilizobaki. Zikiisha, ukizima gari haliwaki tena.

Uliniambia nisimwage wala nisifungue chochote kwenye gari hilo bila ruhusa yako, na mimi niliapa. Ndiyo naomba ruhusa. Nijibu mapema.

Anayekupenda hata ukiwa husikii,
Mjukuu wako.


13 Februari

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Mimi sijambo, ila magoti. Baba yako mdogo anakaa ghorofa ya tatu, na kila nikipanda napumzika kila kona kama mtu anayekagua jengo. Mkewe ni mtu mwema lakini ameficha chumvi, anasema presha. Nimeitafuta jikoni kote. Mtoto wa watu anadhani mzee hajui kutafuta.

Nimefurahi kusikia habari za jino. Mguu utanyooka, mwambie Kijino babu yake mkubwa amesema asiwe na wasiwasi, yeye akakanyagie wapi haraka hivyo.

Kuhusu hiyo taa. Nisikilize vizuri maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Gari hilo nimepewa na kampuni siku ninastaafu, baada ya kuwaendeshea malori maisha yangu yote. Nimelitumia miaka minne. Katika miaka minne sikumwaga hata tone la hiyo dawa yenu, na halikuwahi kuwasha taa, halikuwahi kukohoa, halikuwahi kunilaza njiani. Linataka dizeli, oili, na maji ya rejeta. Basi. Hayo mengine yamebuniwa na watu wa madukani ili mtu asiwe na raha na gari lake.

Tena nikuambie nilichokiona kwa macho. Kazini tulikuwa na kijana dereva, mjuaji, alipoletewa hiyo dawa akaimwaga kwenye tangi la dizeli. Akawasha. Injini nzima ikatolewa, pampu, mabomba, kila kitu, na yeye akatolewa nayo. Siku ile nilisema mfuniko wa bluu hautafunguliwa na mtu yeyote wa nyumba yangu. Nilisema mbele ya watu na kila mtu alisikia.

Gari lile limetunzwa. Kila Jumamosi lilikuwa linaoshwa na mkono mmoja, na mwoshaji hakuruhusu mtu mwingine aliguse, hata mimi nilifukuzwa nikalale. Ndiyo maana linang'aa. Taa hiyo ni waya umelegea. Gongagonga dashibodi kwa kiganja, si kwa ngumi.

Mumeo halali,
Babu.


22 Februari

Babu yangu,

Shikamoo, na poleni na ngazi. Chumvi usiitafute tena, nakuomba. Shemeji yangu mkubwa wa kambini alianza hivyohivyo na presha, leo anasaidiwa kuvaa shati.

Barua yako ilikaa kwa wa ofisi ya basi siku kadhaa kwa sababu aliniona nimebeba mtoto akaona haya kunisimamisha. Nikamwambia haya hizo zinanigharimu.

Nimegonga dashibodi kwa kiganja. Nimegonga upande wa kulia, upande wa kushoto, na katikati. Redio ndiyo imewaka, ilikuwa mbovu tangu mwaka juzi. Taa iko palepale na sasa imeongeza mlio. Ukiwasha gari inalia ting, ting, ting. Kijino anaipenda, anadhani tunachezewa muziki. Mimi kila ikilia naitazama namba.

Babu, sibishani na wewe kuhusu magari. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha, ukanikalisha kwenye mto ili nione mbele, na mpaka leo nikikata kona nasikia sauti yako ikinitukana. Lakini dada wa kituo aliufungua mlango mdogo wa mafuta akanionyesha: mifuniko ni miwili, mweusi wa dizeli na wa bluu, na kila mmoja una tangi lake. Huyo kijana wenu alikosea tangi. Mimi sitakosea. Nitafungua wa bluu mchana kweupe, na dada atakuwa amesimama hapo akinitazama.

Jumanne iliyopita walipotoa plasta nilimshika Kijino miguu yote miwili. Babu, ule wa kushoto umeanza kutii. Ulikuwa umekunjwa kama kiganja cha mtu anayeficha kitu, sasa umefunguka kidogo. Nililia mpaka muuguzi akanipa pamba ya kufutia vidonda nijifutie uso. Akasema, "Mama, nusu ya kazi hii ni ya mikono yangu, nusu ni ya wewe kufika." Sasa utaelewa kwa nini namba ile ikipungua ninaiota.

Naomba neno moja tu. Andika "mwaga". Hata usiposaini.

Mjukuu wako.


6 Machi

Kwa mjukuu wangu mbishi,

Salamu zenu zimefika, nami nawarudishia na nyongeza. Baba yako mdogo hajambo, mkewe hajambo, paka wao ndiye mgonjwa na ndiye anayeletewa daktari nyumbani.

Neno unalolitaka siandiki.

Nimeulizia hapa, usiseme sikuuliza. Kinyozi wangu ana gari la dizeli, hajawahi kuisikia hiyo dawa. Gari lake ni la zamani kuliko wewe, lakini dizeli ni dizeli. Mwanangu naye kaanza, "Baba, magari ya siku hizi yana mifumo." Nikamwambia mifumo mwisho wake kwenye ofisi yake yenye kiti cha kuzunguka. Hajawahi kubadilisha tairi, leo ananifundisha moshi.

Fanya hivi. Nunua tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme. Kata kipande, bandika juu ya taa na juu ya hizo namba. Mlio usiusikilize. Hata mimi, kama ulikuwepo, sikuusikia kwa sababu ya masikio haya, na gari lilikwenda. Kinachokusumbua wewe si gari, ni macho yako na masikio yako. Ukishaziba utaona safari inakuwa tamu.

Na nisikie vizuri. Ukifungua mfuniko wa bluu, ufunguo wangu mpe huyo wa ofisi ya basi aulete huku. Sitanii hapo. Gari lile ndicho kitu kilichobaki kama nilivyokiacha. Mengine yote nikigeuka nakuta yamebadilishwa, mpaka kikombe changu.

Busu Kijino. Mguu wa kulia na wa kushoto.

Babu.


25 Machi

Mke wangu,

Kimya kingi. Naona tepu imefanya kazi na sasa unaona aibu kukiri. Ndiyo tabia ya wanawake wa ukoo wetu, wakishindwa wananyamaza. Nakuruhusu unicheke kwa mengine lakini siyo kwa gari.

Nimemsimulia kinyozi. Amecheka mpaka akanikata kidogo juu ya sikio, si kitu.

Kijino anakaribia kumaliza? Nijulishe.

Mshindi wako,
Babu.


2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Wote wazima wa mwili.

Barua yako ya ushindi nimeipata leo, nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye ndoo uani, mbele ya gari lako lisilowaka.

Tepu nilibandika. Usinielewe vibaya, ulisema nikafanya. Nilikata kipande kwa mkasi wa kucha, nikakibandika vizuri, hata kikapendeza. Mlio nikauimbia. Wiki mbili nilikwenda hospitali na kurudi nikiwa sijui zimebaki ngapi, na kweli ulivyosema, safari ilikuwa tamu. Nilikuwa nimeanza kusema moyoni Babu ni Babu.

Jumanne nimeamka, nimemwogesha mtoto huku mguu wa plasta nimeutundika nje ya beseni, nimemvalisha, nimefungasha nepi, chupa, kadi ya hospitali, nimeingia, nimewasha. Kimya. Si kwamba limekohoa. Halikutoa hata sauti ya kujaribu. Nikatoa tepu. Namba ni sifuri, na maandishi mekundu.

Majirani wakaja. Unawajua, wakiona gari limekwama wanakuja hata na taulo. Wakalisukuma mpaka kwenye kona na kulirudisha, wakalisukuma tena. Fundi baiskeli akasema ni betri. Mwenye nyumba wangu akasema ni laana. Fundi mwingine, simjui ametokea wapi, akasema nikoroge mbolea ya chumvichumvi na maji nimwage, ni kitu kilekile. Nikamwambia hili ni gari, mgomba uko kule nyuma. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, huku saa inakwenda. Nilikimbilia basi. Kijino na plasta yake ni mzito kama tofali. Nilipofika mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa, na muuguzi alikuwa anavua aproni.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Rudi wiki ijayo tuone mguu umerudi kiasi gani."

Leo ndiyo nimetoka huko, kwa kuazima usafiri wa watu wanaopeleka makreti, tumekaa juu ya makreti. Mguu umerudi, Babu. Plasta ile ilikuwa imeteleza mguuni kwa kukaa muda mrefu, haikuushika. Zile mara mbili za mwisho ni kama hazikuwepo. Walipoanza kuunyoosha upya alinitazama mimi. Hakumtazama muuguzi aliyekuwa anamuumiza, alinitazama mimi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, sijui mifumo. Lakini sikuhitaji shule kujua kwamba kitu kikilia kinataka kitu. Kijino hajui kusema na mimi namwelewa. Na nilijua, nikaziba kwa tepu kwa sababu ni wewe uliyesema.

Nimekasirika. Nimeandika barua hii mara tatu nikiondoa maneno. Hii ndiyo iliyobaki baada ya kuondoa.

Wako.


21 Aprili

Babu, shikamoo.

Hujajibu. Najua barua imefika kwa sababu yule wa ofisi ya basi anasema baba mdogo aliipokea mwenyewe na kusaini. Basi nakueleza nilichofanya, halafu utafanya utakaloona.

Sikungoja. Nilimwachia jirani Kijino, nikaenda mjini kwenye duka la vipuri, lile la kona, kati ya wauza matairi na wauza rangi. Mwenye duka ni mama mnene, anakaa kwenye kopo kubwa la oili lililopinduliwa, kila mtu anamwita Mama Vipuri. Nikamwambia nataka adiblu. Akaniuliza ni ya gari gani. Nikamwambia pikapu ya kijivu, ya mzee aliyekuwa dereva wa malori, yule asiyesikia vizuri.

Akasimama. Akasema, "Mbona mmekaa hivyo bila kuja? Nilijua mmehamia kwa muuzaji mwingine." Alikuwa analijua gari. Akaniuliza aliko mtu aliyezoea kuja. Nikamjibu. Akakaa tena kwenye kopo lake, hakuinuka mpaka mteja mmoja akagonga kaunta kwa sarafu.

Kuna mengine tuliongea, siyaandiki humu. Ukiyataka nitakwambia siku tukionana.

Alinipa dumu moja dogo, na mrija wake. Akanifundisha: gari likae mahali tambarare, futa vumbi kwanza usiingize uchafu, mfuniko wa bluu peke yake, mwaga polepole, ikimwagikia rangi ya gari suuza na maji papo hapo, maana ikikauka inaacha unga mweupe kama chumvi. Dumu lisiachwe juani. Na nisije nikathubutu kujaribu maji ya bomba wala mbolea, gari lina ulimi, linaonja.

Nikaenda nikamwaga. Nilimwambia jirani anisomee rangi ya mfuniko kwa sauti kabla sijafungua, akasema, "Bluu, mama, hata kipofu anaiona." Nikawasha. Kimya vilevile. Babu, nilikaa kwenye kiti kile nikakutukana wewe, na Mama Vipuri, na waliotengeneza gari, na Baba Kijino ambaye hayupo. Nikarudi mjini kwa miguu na jua lile. Mama Vipuri akanicheka, akasema, "Umelilambisha kijiko, linataka sahani." Tangi lilikuwa kavu kabisa, dumu moja halitoshi kuliamsha. Akanipa jingine, kubwa, nikalibeba begani.

Nikamwaga lote. Akaniambia nizungushe ufunguo nusu, niache, nihesabu polepole, ndipo niwashe. Nikafanya. Taa ikazimika yenyewe. Likawaka.

Tangu siku hiyo hatujakosa Jumanne.

Uliniambia nikifungua nirudishe ufunguo. Nimefungua. Ufunguo ninao, na sitaurudisha mpaka kazi ya mguu wa Kijino iishe. Baada ya hapo unaweza kuuchukua, na mimi unaweza kuninunia. Nitakupikia ukija hata ukiwa umenuna.

Mjukuu wako.


9 Mei

Mjukuu wangu,

Umeandika kurasa nyingi ukaficha mstari mmoja, na mstari huo unaonekana kuliko mingine yote. Mtu aliyezoea kuja ni bibi yako.

Usinijibu kwamba siyo. Mimi ni kiziwi, siyo mjinga, ingawa kinyozi siku hizi ana mashaka. Nilipofika pale penye unga mweupe kama chumvi, niliiweka barua chini. Unga ule niliuona. Niliuona ubavuni mwa gari, karibu na mlango wa mafuta, zaidi ya mara moja. Nikamuuliza. Akanipigia kelele sikioni, "Sabuni, imekaukia." Nikamgombeza. Nikamwambia rangi ya gari inaharibika, yeye anaosha gari kama sufuria. Akasema haya, nimesikia, nenda kalale. Nikaenda nikalala.

Miaka minne. Siku ile tunakabidhiwa gari, fundi wa kampuni alianza kueleza habari za mfuniko wa bluu, nikamkata. Sikuangalia nyuma. Kumbe nyuma yangu alikuwepo mtu anasikiliza.

Nimejisifu kwa kila mtu. Kwa kinyozi, kwa mwanangu, kwa wewe. Nimekuandikia kwa mkono wangu kwamba gari halikuwahi kukohoa. Nimekufanya uzibe taa kwa tepu, na mtoto ameumia. Hilo sitalizunguka. Barua yako ya mwanzo wa Aprili sikuijibu kwa sababu kila nilichoanza kuandika kilikuwa kuhusu betri.

Nina hasira naye. Unaona mambo hayo? Nina hasira na mtu ambaye siwezi kumwendea nikamwambia, wewe, kwa nini hukuniambia. Na kama angeniambia ningemkataza, naye alijua. Dumu lile uliloandika umelibeba begani, yeye alikuwa na bega bovu. Halafu mimi nimelala.

Ufunguo kaa nao.

Nina swali moja, na usinipambie. Muulize huyo mwenye duka: alipokuwa anakuja pale, alikuwa anasema nini juu yangu? Walikuwa wananicheka? Kama walinicheka niandikie hivyohivyo.

Babu.


20 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Baba Kijino amekuja juzi, amelala tangu alipofika, anaamka kula tu. Kijino ana meno matano sasa na ameanza kuyatumia, bega langu lina alama. Jirani anakusalimu, anasema rangi ya bluu bado anaikumbuka.

Nilikwenda kwa Mama Vipuri na swali lako mkononi. Nilimkuta anagombana na mtu aliyerudisha plagi zilizotumika akidai ni mpya, nikasubiri mpaka akamaliza kumfukuza. Nikamuuliza kama ulivyoniuliza. Alifikiri sana, Babu. Alikuwa anataka kunipa kitu kizuri nikuletee, nikaona anatafuta. Mwisho akasema ukweli: Bibi hakuwa anasema chochote juu yako. Hawakukucheka. Alikuwa anakuja, anauliza kama bei imepanda, analalamika imepanda, anachukua dumu, anaomba kitambaa cha kulifunikia kwenye kikapu, anaondoka. Kila akifika ile njia panda ya wauza rangi alikuwa analitua, anapumzika, analinyanyua tena.

Mara moja tu, siku ya mvua, Mama Vipuri alimwambia, "Bibi, mwambie mzee aje abebe mwenyewe, ana gari." Naye akajibu, "Yeye kazi yake kuendesha." Akachukua kikapu akatoka. Mama Vipuri anasema hajui kama alikuwa anacheka au la, kwa sababu alikuwa ameshampa mgongo.

Ndiyo hiyo tu. Nimeigeuza kichwani njia nzima nikirudi, sikupata jinsi ya kuipamba, na wewe ulisema nisipambe.

Usiniombe msamaha kwenye barua. Ukitaka kuomba, muombe Kijino, naye hatakuelewa, atakung'ata. Hasira yangu ilikuwepo, sasa imebaki kidogo, ile ya kutumia jikoni.

Jumanne wametoa plasta ya mwisho. Mguu ulikuwa mweupe na umekauka, unanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo, na mimi niliubusu hivyohivyo mbele ya watu. Atavaa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma katikati, usiku na mchana, kisha baadaye usiku tu, na kila mwezi tutarudi wamtazame. Muuguzi alimsimamisha juu ya meza, mimi nikimshika kwapani. Nilitazama pembeni, nikaogopa. Muuguzi akaniambia, "Mama, tazama." Akachukua kadi ya hospitali ya Kijino, ile ngumu, akajaribu kuipitisha chini ya kisigino cha kushoto, kile kilichokuwa hakigusi chini, kama mtu anayeingiza barua chini ya mlango. Akajaribu mbele, akajaribu kwa pembeni. Haikupita, Babu.

Mke wako mdogo.